Makovu ya Nyundo

Saa sita na dakika kumi usiku, kompyuta iliniambia kwa mara ya kumi na moja kwamba uso hauwezi kusogezwa. Haikusema kwa nini. Ilipaka kona ya beseni la wilbaro rangi nyekundu, ikatoa kile kimlio chake cha dharau, ikanyamaza.

Nilikuwa peke yangu ofisini, ghorofa ya juu ya karakana moja Industrial Area, si mbali na Lunga Lunga Road. Chini yangu mashine zote zilikuwa zimezimwa. Soja alikuwa getini anasikiliza redio. Mezani nilikuwa na chai iliyopoa na nusu chapo. Kesho yake saa nne asubuhi fundi wa CNC alitarajia faili kutoka kwangu. Chuma kilikuwa kimeshanunuliwa, kimekaa pale chini kimefunikwa turubai, na bosi alikuwa ameshaniuliza mara tatu, kwa ile sauti ya upole inayoogopesha kuliko kelele: "Hiyo kitu inaendelea aje?"

"Inaendelea," nilimjibu. Manze, haikuwa inaendelea.

Wacha nieleze kwanza kazi yangu, maana hata mamangu huambia watu kanisani kwamba mimi hurekebisha kompyuta. Mimi huchora dai. Si dai la pesa, ingawa hayo pia ninayo kadhaa. Dai, vile tunaiita pale kazini, ni kalibu ya chuma kigumu inayogeuza bati tambarare kuwa kitu. Ina sehemu mbili kubwa. Ya chini ina shimo lenye umbo la kile unachotaka. Ya juu, panchi, ina umbo hilo hilo lakini dogo kidogo. Bati linalazwa katikati, kingo zake zinabanwa na fremu ya chuma ili zisikunjamane, presi inashuka, na kilichokuwa kama karatasi kinainuka kikiwa beseni. Sinki lenu la jikoni lilipitia hapo. Mlango wa matatu uliyopanda leo pia.

Shida yote imo ndani ya hayo maneno "dogo kidogo". Kati ya panchi na shimo lazima pabaki nafasi ya bati lenyewe. Letu lilikuwa geji 18, yaani milimita 1.2, na tunaongeza nafasi kidogo ili lisikwaruzwe likishuka. Tuseme 1.3. Kwa hivyo huchori nyuso mbili. Unachora uso mmoja, ule wa nje, kisha unaambia programu: chukua uso huu, usogeze ndani milimita 1.3 kila mahali, unipe wa pili. Ni kubonyeza mara moja tu, kukiwa na amani.

Kila mtu wa kazi hii ana dawa zake za kienyeji. Yangu ya kwanza ni kuongeza uvumilivu. Programu ina kiwango cha kosa inachoweza kufumbia macho. Kama kingo za nyuso mbili zimeachana kwa chini ya kiwango hicho, inahesabu zimegusana, inazishona. Mimi hufanya kazi na milimita 0.001. Usiku ule nilipandisha hadi 0.01, halafu 0.1. Nyuso zikashonana vizuri kabisa. Nikabonyeza kusogeza. Nyekundu.

Dawa ya pili ni kiraka. Unafuta pale penye nyekundu, unabaki na tundu, unaiambia programu izibe. Iliziba. Lakini kuna kipimo fulani ambapo programu inalipiga umbo taa za milia, kama punda milia, na macho yako yanafuata. Milia ikipita kutoka uso mmoja hadi mwingine bila kukatika wala kuvunjika kiwiko, basi nyuso zinaungana kwa ulaini. Milia yangu ilifika kwenye kiraka ikapinda kama barabara iliyokosa pesa za kumalizia. Bati lingetoka na mkunjo palepale.

Dawa ya tatu ni ya mtu aliyechoka. Nilikata umbo vipande vipande, nikasogeza kipande kimoja kimoja, kisha nikajaribu kuviunganisha tena. Saa nane usiku nilikuwa na kitu ambacho, ukikitazama kwa mbali, kilikuwa panchi. Nikaendesha ule mwigo wa njia ya kisu, ambapo unaona kwenye skrini vile mashine itakavyochonga chuma. Kisu kilienda poa ukutani, kikafika kona, kikazama. Kilizama milimita nne ndani ya chuma ambacho hatukuwa na pesa ya kununua mara ya pili.

Nikafunga macho. Nilipoyafungua nikafanya kile nilichopaswa kufanya saa moja jioni. Nikaacha kuuliza nitaizibaje, nikauliza imekataa kwa nini.

Jibu lake ni hesabu ya darasa la nane. Chukua kona ya mviringo yenye nusukipenyo cha milimita 5. Isogeze ndani, kuelekea kitovu chake, kwa 1.3. Umebaki na 3.7. Sawa. Sasa chukua uvimbe mdogo wenye nusukipenyo cha 0.9. Usogeze ndani kwa 1.3. Umebaki na nini? Hakuna mviringo wa hasi. Uso unapita kitovu chake, unageuka ndani nje kama soksi, unajikata wenyewe. Programu haikuwa na kiburi. Ilikuwa inakataa kunichorea kitu ambacho hakiwezi kuwepo, na mimi nilikuwa nimekesha nikiibembeleza idanganye.

Nikaiomba inipakie rangi kila mahali penye nusukipenyo chini ya 1.3. Nilitarajia doa moja pale konani. Yalitokea mamia. Yalikuwa yamejipanga ukutani kwa safu, yakipanda kidogo kuelekea upande mmoja, yakisongamana karibu na kona, na konani penyewe kulikuwa na mstari mmoja mrefu wenye mawimbi.

Nilikaa nikiutazama ule mchoro kwa muda kabla sijaelewa ninachokiona.

Mteja wetu hakuwa na mchoro. Alikuwa ameleta beseni lenyewe la wilbaro, akaliweka juu ya meza ya bosi na kusema hili ndilo linauzwa, mnifanyie kama hili, mengi. Tukalipiga skani. Programu ikachukua yale mamilioni ya nukta na kuyafunika kwa viraka vidogo vya nyuso, zaidi ya mia nne, kila kimoja kikifuata kila kijibonde kwa uaminifu wa kitumwa. Mimi nilikuwa likizo siku ya skani. Lile beseni sikuwahi kuliona.

Zile safu zilikuwa alama za ukingo wa nyundo. Ule mstari wenye mawimbi ulikuwa wa kuchomelea. Mtu alikuwa amelikata bati hilo kwa mkono, akalikunja, akachomelea kona, kisha akaligonga hadi likanyooka. Na Nairobi hii, mtu wa kufanya hivyo anapatikana sana sana Kamukunji.

Baba yangu yuko Kamukunji.

Alifika pale kijana wa kubeba mapipa, kabla ya vile vibanda, wakati jua kali lilikuwa jua kali kweli. Rais Moi alipowatembelea mafundi mwaka 1985, baba alikuwa mmoja wa walioacha kugonga wakasimama kupiga makofi. Vibanda vikaja baadaye, akapata kona yake, na yuko hapo mpaka leo, anatengeneza masanduku ya shule, karai, na zaidi ya yote wilbaro. Diploma yangu ililipwa kwa wilbaro. Niliwahi kukaa nikahesabu: muhula mmoja ulikuwa wilbaro kumi na tisa, bila kutoa pesa ya bati.

Na kazi hii ya dai ya wilbaro nilikuwa nayo wiki ya sita bila kumwambia.

Saa mbili asubuhi nilimwambia bosi ukweli kwamba faili haiko. Nilimweleza ile hesabu ya 0.9 na 1.3. Alinyamaza, akapiga simu ya CNC nikiwa palepale, akasema, "Jumatatu. Hiyo ndiyo ya mwisho." Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi nilishuka Muthurwa nikatembea hadi Kamukunji na kompyuta mgongoni. Kama hujawahi kufika, huwezi kuelezwa ile kelele. Ni nyundo mia kwa wakati mmoja, kila moja na chuma chake, na chini yake sauti za wachuuzi, mikokoteni, na mabasi kule Machakos Airport. Baba amekaa ndani yake maisha yake yote, na imemla masikio. Sikio la kulia limeenda kabisa. La kushoto linasikia ukipiga kelele ukiwa mbele yake. Simu hashiki, anampa mama.

Maana yake ni kwamba baba yangu huwezi kumnong'oneza. Lolote unalotaka kumwambia, uzuri au aibu, lazima ulitangazie safu nzima.

Alikuwa ameinamia bati na chaki. Akaniona, akatabasamu. "Mama!" Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mamake. "Umekula?"

"NIMEKULA, BABA. NIKO NA KAZI INANISUMBUA."

"Kazi gani?"

"YA WILBARO."

"Wilbaro gani?"

"YA DAI. YA PRESI. MABESENI."

Nyundo ya jirani wa kulia ikanyamaza. Halafu ya anayemfuata. Ni ajabu vile kimya kinavyotembea Kamukunji, kibanda kwa kibanda.

Baba akaweka chaki chini. "Ngapi kwa siku?"

"BOSI ANASEMA MIA TATU."

Yeye hutoa nne. Tano, stima ikikaa.

Jirani mmoja, mzee ambaye nimemuita anko tangu nikiwa na meno ya maziwa, akacheka bila furaha. "Kumbe ile harambee ya college tulikuwa tunachangia kufungiwa duka."

Hakuna mtu aliyemjibu. Mimi pia sikuwa na jibu, na hata sasa sina. Ningesema mteja angeenda karakana nyingine, na ni kweli. Ningesema mabeseni ya presi tayari yanaingia nchini kwa meli, na ni kweli pia. Lakini anko alichanga shilingi mia tano yake siku ile, nakumbuka jina lake likisomwa.

Baba akafuta miwani kwa shati. "Leta hiyo kitu nione."

Nikamfungulia kompyuta juu ya sanduku. Nikamwonyesha lile umbo na zile safu za madoa. Sikumweleza ni nini. Alisogeza uso karibu, akaweka kidole kwenye skrini, kidole chenye mafuta, akafuata safu moja kutoka chini hadi juu. Nilikuwa na wazo la kijinga moyoni mwangu tangu saa nane ya usiku ule, kwamba atasema ni lake.

"Hii si yangu," alisema. "Huyu ni wa mkono wa kushoto. Ona vile imelala." Kidole kikafika kona. "Na hapa alikuwa na haraka. Ama alikuwa ameitwa kwa simu."

Watu wakacheka kidogo. Nyundo moja ikaanza tena.

"UNAMJUA?"

Aliangalia chini, kwenye ile safu ya vibanda, kisha akanirudishia macho. "Wako watatu." Hakuniambia ni nani, na mimi sikuuliza tena.

Nikamweleza shida kwa kupaza sauti: kwamba mashine imechukua kila alama ya nyundo na sasa inakataa, na nimejaribu kuziba kila pahali. Alinisikiliza na sikio la kushoto. Kisha akauliza swali ambalo sijui kama lilikuwa la hasira ama la kawaida tu.

"Kwani unataka mashine ikopi hata makosa?"

Akaokota chaki na kurudi kwenye bati lake. Alichora mistari minne mirefu. Akapima, akachora miinamo ya pembeni. Mwisho kabisa, kama mtu anayeweka sahihi, akaweka kona. Hakuwa ananifundisha, alikuwa na oda ya watu wa Kitengela. Lakini nilisimama pale nikaangalia mpangilio wake: kwanza kuta, kona mwisho. Mimi nilikuwa nimeanzia konani siku tatu.

Kazi ya Jumapili niliifanya nyumbani, mlango umefungwa. Sikurekebisha uso hata mmoja kati ya ile mia nne na kitu. Niliuacha mchoro wa skani nyuma kama kivuli, nikachukua kwake vipimo tu: urefu, upana wa mdomo, upana wa sakafu, kina, mteremko wa kila ukuta. Nikachora kuta nne na sakafu kama nyuso kubwa laini, kila moja nikiivusha kupita mahali inapopaswa kuishia, kama shuka linaloning'inia kitandani. Hilo ndilo jambo ambalo ningemwambia yeyote anayeanza kazi hii: usichore uso uishie pale unapotaka uishie. Chora mkubwa, uvuke wa jirani, halafu ukate zinapokutana. Ukingo unaotokana na kukatana hauna pengo, kwa sababu ni mstari mmoja wa nyuso zote mbili.

Kona za mviringo nikaziweka mwisho, kubwa kwanza, ndogo baadaye. Mahali mviringo tatu zinapokutana, programu ilitaka kunipa kiraka cha pembe tatu. Hicho usikikubali. Nyuso hizi kwa asili zina pande nne, kwa hivyo cha pembe tatu ni cha pande nne ambacho upande mmoja umefinywa hadi ukawa nukta, na kwenye nukta hiyo programu haijui nje ni wapi. Ukisogeza, hapo ndipo panachanika. Nilikata nafasi zaidi, nikapata tundu la pande nne, nikaweka uso wa pande nne ulioshika mteremko wa majirani zake wote.

Hesabu inayobeba nyuso hizi ilitoka viwanda vya magari vya Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Paul de Casteljau aliifanya akiwa Citroën, na Pierre Bézier akaifanya kivyake akiwa Renault. Wote wawili walitaka umbo la gari litoke mikononi mwa mafundi wa modeli liingie kwenye namba, ili mashine iweze kulisoma. Citroën ilificha kazi ya de Casteljau kwa miaka, kwa hivyo mikunjo hiyo leo inaitwa ya Bézier. Nilijua hadithi hiyo tangu chuoni na niliona ni ya kuchekesha, mtu afanye kazi jina liende kwa mwingine. Jumapili ile, nikiwa nimebakisha kufuta kile kivuli cha skani, haikunichekesha sana.

Nusukipenyo kidogo kabisa kwenye umbo langu jipya kilikuwa milimita 12. Milia ya punda ilipita kona zote bila kukatika. Nilibonyeza kusogeza saa tatu na nusu usiku. Haikuchukua hata sekunde mbili. Uso wa pili ulijitokeza ndani ya wa kwanza, laini, mtupu, bila alama ya mtu yeyote.

Nikafuta skani. Programu iliniuliza kama nina uhakika. Huwa inauliza kila mtu, najua.

Dai ilichukua wiki saba kuchongwa na kung'arishwa. Beseni la kwanza lilipasuka kona ya mbele, mpasuko wa urefu wa kidole. Fremu ilikuwa imebana sana, bati likakosa kuteleza kuingia. Tukalegeza, tukang'arisha mdomo wa shimo tena, tukapaka mafuta. La tatu lilitoka zima. Kila mtu karakana alipiga makofi, na bosi akanunua soda.

Niliomba hilo la tatu. Nikalibeba kwenye matatu, konda akanidai pesa ya viti viwili, tukabishana hadi Muthurwa.

Baba aligeuza beseni huku na huku. Akaligonga kwa kifundo cha kidole na kuliweka kwenye sikio la kushoto. Akaminya kona kwa dole gumba, moja baada ya nyingine, na kwenye ya tatu akasimama.

"Hapa imekuwa nyembamba."

Ni kweli. Bati likivutwa kuzunguka kona linakonda, na hiyo kona ndiyo iliyokonda zaidi. Mimi niliijua kwa sababu nilipima kwa kifaa. Yeye alitumia dole gumba.

"Itatoboka hapa," alisema. "Mwaka mmoja, mawe ikiwa mengi. Wataniletea niweke kiraka." Hakuonekana kama mtu aliyeshinda wala aliyeshindwa. Alikuwa anapiga hesabu.

Kisha mtu alikuja kutoka vibanda vya chini, jamaa wa makamo, aproni ya ngozi. Hakunisalimia. Alilichukua beseni kwa baba, akapitisha kiganja ukutani mwake kwenda juu, polepole, kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo. Hakukipata.

"Mtauza ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia bei.

Aliangalia juu kidogo, midomo ikisogea, vile watu hufanya wakihesabu bati, rangi na kodi ya kibanda. Alimaliza hesabu. Akaliweka beseni chini kwa uangalifu, kama kitu cha mwenyewe, akarudi kibandani kwake, na kelele ikamfunika.

Sikutaka kuangalia ataokota nyundo kwa mkono gani. Niliangalia.